Cheki Mwili Kabla Giza Iingie

Leo tunabonga kuhusu hiyo saa janja uko nayo kwa mkono. Ile inahesabu hatua, inawaka ukigeuza mkono, na inakushow moyo inadunda mara ngapi kwa dakika. Nairobi wengi wetu tunaivaa kama luku tu. Imeshikana rangi na raba, picha imetoka freshi, stori imeisha hapo. Lakini kuna tao mbili mashariki ya Congo, Butembo na Beni, huko Kivu Kaskazini, zenye zilinigeuza akili juu ya hii maneno. Familia yangu iko huko. Nikiangalia vile wasee wa huko wameishi hii miaka yote, naona kupima mwili kejani ni kununua masaa. Msee mwenye amejua saa kumi jioni ati kuna ngori, ako na nafasi ya kufanya kitu. Mwenye amejua saa saba usiku anabaki kuomba Mungu.

Ngoja niwapange polepole.

Usiku wa Beni

Butembo iko juu milimani, baridi ya mangware inauma vidole. Ni tao ya mahasla. Wafanyabiashara wake, wengi wao Wanande, wamejulikana miaka mingi kwa kupanda ndege hadi Dubai na Guangzhou kutafuta mali. Kontena inashukia Mombasa, inapita Kampala, inavuka boda ya Mpondwe na Kasindi, inafika Beni, halafu inapanda Butembo. Beni iko chini kidogo, joto zaidi, msitu karibu, na Ruwenzori imesimama upande wa mashariki. Kati ya hizo tao mbili ni kilomita 50 na kitu ya barabara. Kama unatafuta saa janja Butembo, hutakosa. Masoko zimejaa simu, chaja, spika, na saa za kila rangi.

Lakini usiku wa Beni, mtu wa Nairobi lazima aambiwe ukweli, si kama usiku wa hapa kwetu. Tangu Oktoba 2014 raia wa Beni na vijiji zake wameuawa na waasi wa ADF, mara nyingi giza likiwa limeingia. Tarehe 6 Mei 2021 serikali ya Kinshasa iliweka Kivu Kaskazini na Ituri chini ya wanajeshi, ile wanaita état de siège. Januari 2025 waasi wa M23 wakachukua Goma, kusini mwa hapo, na kusafirisha mgonjwa kwenda hospitali kubwa za kusini ikawa hesabu ingine kabisa.

Sasa chukua hiyo picha uweke mathe ndani. Kichwa kilianza kumgonga saa tisa mchana, akasema ni jua. Saa mbili usiku anaona nyota. Saa sita mdomo umepinda na maneno hayatoki vizuri. Msee wa nduthi hawezi kutoka. Jirani ako na ndinga lakini anaogopa barabara, na huwezi mlaumu. Presha haikuanza saa sita. Ilikuwa hapo mchana kutwa, hakuna mtu aliiuliza. Ingechekiwa saa tisa, nduthi zilikuwa zimejaa kwa stage, kituo cha afya kilikuwa wazi, na muuguzi alikuwa kwa kiti yake.

Hapo ndio nasema mashine ya presha ya Beni na mashine ya presha ya Nairobi zinaweza kuwa za kampuni moja, boksi moja, lakini hazifanyi wera moja. Ya Beni inashindana na jua likizama.

Somo ililipiwa bei kali

Hii maneno ya masaa, Beni na Butembo hawakuisoma kwa kitabu. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, ya kumi katika historia ya Congo. Moto uliwaka kamji ka Mangina, ukaingia Beni, ukapanda Butembo na eneo la jirani la Katwa. Mpaka inatangazwa kuisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamededi. Duniani kote, ni ile ya Afrika Magharibi ya 2014 hadi 2016 peke yake imeipita ukubwa.

Katikati ya hiyo msiba kukafanyika kitu kila yut wa hii region anafaa kujivunia. Tarehe 20 Novemba 2018 walianza kujaribu dawa nne kwa wagonjwa wenyewe, wakaipa hiyo utafiti jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Mbele alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, mwenye alikuwa uwanjani tangu Ebola ya kwanza ya 1976, na taasisi yake ya utafiti, INRB, pale Kinshasa. Vituo vilikuwa vinne: Mangina, Beni, Butembo na Katwa. Wagonjwa 681 waliingia. Agosti 2019 dawa mbili zikaonekana wazi ziko mbele. Moja yazo, mAb114, ilitokana na kinga ya damu ya mtu mwenye alipona Ebola ya Kikwit ya 1995. Kwa hizo dawa mbili, karibu theluthi moja ya wagonjwa walidedi. Kwa zile zingine mbili, karibu nusu.

Sasa skia hii, juu ndio imebeba stori yote. Watafiti waliangalia pia mgonjwa alifika baada ya siku ngapi tangu aanze kuskia vibaya. Wenye walifika ndani ya siku moja, asilimia 19 walidedi. Wenye walifika baada ya siku tano au zaidi, asilimia 47. Ugonjwa ni ule ule na vituo ni vile vile. Tofauti kubwa ni siku ngapi zilipotea kejani watu wakisema labda ni malaria, labda ni uchovu, tungoje kesho.

Ndio maana wakati huo Beni na Butembo hungeingia mahali bila kupimwa. Kanisani, ofisini, shuleni, kwa barrière ya barabarani: unanawa mikono na maji ya klorini, halafu mtu anakuelekezea thermoflash kwa paji la uso. Watoi walizoea mpaka wakawa wanajipanga line wenyewe. Kabla hiyo, kipimo cha joto kilikuwa kitu cha hospitali. Baada ya hapo kila mtu alijua nyuzi 38 ni mstari wa kuulizwa maswali.

Ukuta wenye unaonekana

Lakini kupima peke yake haikutosha, na hapa ndio pahali pagumu. Watu wengi hawakuamini vituo vya Ebola. Tao ilikuwa imechoka: vita miaka mingi, uchaguzi wa Desemba 2018 umeahirishwa Beni na Butembo, wageni wamejaa na magari kubwa. Halafu mtu wako anaingizwa nyuma ya uzio, wenye wanambeba wamefunikwa kutoka kichwa mpaka mguu, na siku ya kutoka anatoka kwa mfuko. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha Katwa kikachomwa. Tarehe 27 kile cha Butembo kikavamiwa. Tarehe 19 Aprili daktari Mcameroon wa WHO, Richard Mouzoko, akapigwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu pale Butembo, akiwa kwa mkutano na wenzake. Alikuja kusaidia. Jina lake linafaa kubaki kwa midomo yetu.

Beni, shirika la ALIMA walileta kitu tofauti: CUBE. Ni kachumba ka plastiki yenye unaona ndani yote, mgonjwa mmoja kwa kila kachumba. Kwa ukuta kuna glavu ndefu zimeshikanishwa, muuguzi anaingiza mikono kutoka nje, anamgusa mgonjwa, anaweka dripu, bila kuvaa ile suti nzito. Na mashine ya kusoma moyo, pumzi na oksijeni, waya zake zinatoka mpaka nje, skrini inasomwa na mwenye amesimama nje.

Kama hujawahi kuona ile suti ya Ebola, jua hivi: ndani yake joto linakupika, na baada ya kama saa moja lazima utoke. Hiyo inamaanisha mgonjwa anachekiwa kwa vipindi, na kati ya vipindi hakuna macho. Skrini nje ya plastiki iliondoa hiyo giza. Mgonjwa akianza kuteremka, muuguzi anaona hapo hapo, si baada ya masaa matatu.

Na kuna kitu ingine kubwa iliingia hapo. Familia ilikuwa inasimama upande ule mwingine wa plastiki. Mama anamwona mtoi wake, anaona dripu inadondoka, anaona muuguzi anamfuta jasho, anaona kamstari ka moyo kanapanda na kushuka. Huwezi mwambia huyo mama ati ndani watu wanaibiwa viungo. Amejionea. Namba ikiwa mbele ya macho ya familia inajenga imani. Ikifichwa nyuma ya ukuta, hata kama ni ya ukweli, inazaa uvumi.

Ya kuvaa mwilini kabisa nayo ilishajaribiwa upande wa Afrika Magharibi. Sierra Leone, wakati wa Ebola yao, kuna wagonjwa walibandikwa kaplasta kwa kifua kenye sensa ndani, kanatuma mapigo ya moyo, pumzi na joto bila waya mpaka kwa tableti ya dokta. Kaplasta kamoja kalifanya wera ya mtu wa kusimama hapo usiku kucha. Hiyo ni ndugu ya saa yako, manze. Usiidharau, lakini pia usiipe sifa zenye haina.

Hiyo taa ya kijani inafanya nini

Geuza saa yako uangalie mgongo. Kuna taa ya kijani inawaka na kuzima. Damu inameza rangi ya kijani. Moyo ukidunda, damu inajaa kwa mishipa midogo ya ngozi na taa inarudi ikiwa imepungua. Ukipumzika kati ya pigo na pigo, taa inarudi zaidi. Saa inahesabu hizo kupanda na kushuka, inakwambia 72, 80, 110. Kwa mtu mzima mwenye amepumzika, kati ya 60 na 100 ni sawa. Kwa hii wera ya kuhesabu moyo, saa nyingi zinajaribu, bora umeikaza vizuri na hutembei.

Oksimita, ile ya kubana kidole, inatumia taa mbili: nyekundu na ingine macho hayaioni. Damu yenye imebeba oksijeni na yenye haijabeba zinameza hizo taa tofauti, na hapo mashine inapata asilimia. Akili hiyo ilitoka kwa injinia wa Japan, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Wakati wa korona ndio ilitoka hospitali ikaingia kejani, juu kuna wagonjwa walikuwa wanabonga vizuri na oksijeni imeshuka vibaya bila wao kuskia.

Sasa ukweli wenye wauzaji hawakuambii. Mwisho wa 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walilinganisha oksimita na kipimo cha damu yenyewe. Kwa wagonjwa wenye oksimita iliwaonyesha wako kati ya 92 na 96, wale Weusi asilimia 11.7 walikuwa kwa ukweli chini ya 88. Kwa Wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Yaani ngozi yetu, mashine inaipea matokeo mazuri kuliko hali yenyewe, zaidi ya mara tatu. Hii si ndogo. Inamaanisha ukiona 93 kwa kidole cha buda yako na anahema kama ametoka kukimbia, usikubali mashine ikutulize. Amini pumzi yake. Na ukipima kila siku mkiwa wazima, utajua namba yake ya kawaida ni gani. Ikiteremka kutoka hiyo kawaida, hiyo ndio habari.

Presha ndio wasee wengi wanaoshwa. Saa nyingi za bei ya chini zinakuambia ati zinapima presha kwa mkono bila kubana. Nyingi ni makisio tu. Presha ya kuaminika bado ni ile ya kitambaa cha kubana juu ya kiwiko. Na kama muuzaji anakuambia saa au pete yake inapima sukari bila kutoboa kidole, tia zii. Tarehe 21 Februari 2024 wakaguzi wa dawa na vifaa wa Marekani, FDA, walitoa onyo wazi: hakuna saa wala pete yoyote walikuwa wameipitisha ya kupima sukari peke yake bila kutoboa. Msee wa sukari akiamini hiyo namba, akadunga insulini vibaya, anaweza kudedi siku hiyo hiyo. Hapa sibongi mambo ya kuibiwa doh. Nabonga mambo ya mazishi.

Kama doh ni kidogo, anza hapa

Wasee wa Butembo hupanga bei kwa dola, na dola haziokotwi. Ukiniuliza familia ianze na nini, nasema hivi: thermomita ya kawaida, mashine ya presha ya kubana mkono wa juu, na oksimita ya kidole kama kuna mtu wa kifua au pumu. Saa janja ije mwisho, kama luku na kama ya kuhesabu moyo. Chagua mashine ya bateri za kawaida zenye unapata kwa kila duka, juu stima ya huko si ya kuwekea matumaini, na sola ya nyumbani ishakuwa na foleni ya simu. Bateri zikichoka, badilisha, mashine yenye njaa inasoma vibaya.

Kwa wamama wajawazito kuna mashine moja naipenda sana, inaitwa CRADLE. Ilitengenezwa na watu wa King's College London wakifikiria vituo vya afya vya mitaa kama zetu, inachajiwa na waya ya simu, na mbele iko na taa: kijani, njano, nyekundu. Inasoma presha na moyo pamoja, inakushow kama mama ako kwa hatari ya presha ya ujauzito au anapoteza damu. Ilijaribiwa kwa nchi kadhaa, Uganda ikiwemo. Huhitaji kuwa dokta kusoma taa nyekundu.

Halafu namna ya kupima. Kuzo yangu wa Butembo ndio mcheki wa boma lao, na vile anafanya ndio vile inafaa. Jioni, kabla ya chakula, anamwekea mama yake kiti chenye kiko na mgongo.

"Mama, kaa kwanza. Usiseme."

Mama anakaa. Miguu yote miwili chini, haijapishana. Mkono uko juu ya meza, kiganja kinaangalia juu, kitambaa kiko sawa na moyo, na nguo ya mkono imetolewa, si kukunjwa ikabana. Hajakunywa kahawa nusu saa iliyopita, na hapo Butembo kahawa ni jirani ya kila mtu, kwa hivyo hiyo anaikazia. Dakika tano za kunyamaza. Anapima, anangoja dakika moja, anapima tena.

"Iko ngapi?"

"Iko mia moja makumi ine na mbili, kwa makumi nane na nane, mama."

Anaandika kwa kadaftari ka shule: tarehe, saa, namba zote mbili. Kwa kupimia nyumbani, 135 kwa 85 ndio mstari. Ukiuvuka siku moja, si mwisho wa dunia. Ukiuvuka siku baada ya siku, hako kadaftari kanaenda kwa muganga, vile huko huita dokta, na muganga akiona wiki mbili za namba anafanya uamuzi bora kuliko akimpima mara moja mtu mwenye amepanda mlima na ameogopa koti jeupe. Ikifika 180 kwa 120 na kuna maumivu ya kifua, kizunguzungu, macho kuona giza, mdomo au mkono kulegea, hakuna kupima tena, ni kutoka saa hiyo. Kwa mama mjamzito mstari uko chini: 140 kwa 90 muone mkunga siku hiyo, na 160 kwa 110 ni dharura, hata kama anaskia poa.

Oksimita nayo iko na masharti yake. Vidole vya Butembo asubuhi ni barafu, vipashe moto kwanza. Toa rangi ya kucha, na usitumie kidole chenye hina. Kaa, tulia, ngoja namba isimame, usiandike ya kwanza yenye imeruka. Chini ya 90, tafuta oksijeni haraka. Na baada ya kila mtu futa mashine na spiriti. Kama kuna homa na kutapika na mtaa umeskia habari ya Ebola, usishike shike mgonjwa kutafuta namba. Piga simu kwa watu wa afya, mpe chumba chake, ngoja wenye wako na glavu. Beni na Butembo, Ebola ishawarudia baada ya ile kubwa: Februari 2021 upande wa Butembo, Oktoba 2021 Beni, na tena Beni Agosti 2022. Zote zilizimwa haraka.

Kipimo chenye hakinunuliwi

Kuna kimoja ni bure kabisa, na nataka kila yut mwenye ako na mdogo wake ama mtoi wake akijue leo. Kuhesabu pumzi. Nimonia inamaliza watoi wengi kuliko vile tunabonga juu yake, na dalili yake moja kubwa unaweza kuiona na macho.

Ngoja mtoi atulie, asiwe analia wala ananyonya. Mlaze kwa mapaja ya mama. Inua shati mpaka uone tumbo na kifua vyote. Washa saa ya simu, dakika moja nzima, si nusu mara mbili. Kila tumbo likipanda ni moja. Mtoi chini ya miezi miwili: 60 au zaidi ni haraka mno. Miezi miwili mpaka mwaka haujaisha: 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka kabla ya tano: 40 au zaidi. Kisha angalia chini ya mbavu. Kama nyama inaingia ndani kila akivuta, kama ananguruma, kama hawezi kunyonya, hapo hakuna kesho asubuhi. Beba mtoi, enda.

Hizo ndio namba za WHO zenye wahudumu wa afya wa mtaa hutumia. Hazihitaji saa ya Guangzhou. Zinahitaji mtu mmoja kejani mwenye amezishika kichwani.

Namba bila mpango ni picha tu

Familia nyingi zinakosea pahali pamoja: wananunua mashine, wanapima, wanashangaa, wanapiga picha, wanatuma kwa grupu ya familia, na mjomba wa Kinshasa anaandika pole. Halafu? Kabla ununue kitu yoyote, jibuni hizi maswali mkiwa wazima. Nani ndio mcheki wa hii boma? Namba ikivuka mstari, tunapigia nani? Kituo gani kiko karibu na kinafunguliwa mpaka saa ngapi? Nduthi ni ya nani, na anakubali kulipwa kwa simu? Doh ya dharura imewekwa wapi? Andikeni kwa ukurasa wa kwanza wa hako kadaftari.

Mcheki aweza kuwa yut. Si lazima awe mkubwa wa familia. Wewe ndio unajua kubadilisha bateri, wewe ndio unasoma maandishi madogo ya boksi, wewe ndio hukai mbali na simu. Lakini bonga na wazazi kwa heshima. Si kumwambia mbuyu ati wewe ni mgonjwa. Mwambie, "Papa, ninaomba nikupime, nijue hali yako ya siku zote." Mzee akiona namba yake mwenyewe, akaona wiki hii imeshuka juu amepunguza chumvi, atakutafuta yeye mwenyewe jioni. Ni vile vile kwa ukuta wa plastiki wa Beni: kitu ikionekana, watu wanakubali.

Na jambo la usalama, kwa wasee wa huko hasa. Hizo saa zina apu, na apu inajua mahali uko. Januari 2018 ramani ya apu moja ya kukimbia ilionyesha dunia nzima njia za wanajeshi ndani ya kambi zao, juu walikuwa wamevaa saa. Kivu Kaskazini si pahali pa kuacha saa yako ikitangaza unapita wapi kila siku. Zima ruhusa ya mahali. Moyo unahesabiwa bila hiyo.

Wenye walipona Ebola Beni na Butembo huitwa vainqueurs, yaani washindi. Wengine wao, mwili wao ukiwa na kinga, walirudi pale pale kwa vituo kulea watoi wachanga wa wagonjwa, kuwabeba, kuwanyonyesha chupa, kuwaangalia usiku, wakati hata ndugu hawangeweza kukaribia. Hakuna sensa inaweza kufanya hiyo wera. Sensa inaita, na mtu ndiye anaamka.

Kwa hivyo mbogi, kama uko Kayole na mathe ako Butembo, ama uko Beni na unasoma hii kwa simu ya kuchajiwa na sola, fanya hii kitu wiki hii. Chagueni mcheki. Tafuteni mashine ya presha ya mkono wa juu, hata kama ni majirani wanne wamechanga. Wekeni saa kumi jioni iwe saa ya boma yote kupimwa, kila siku, nduthi zikiwa bado kwa stage na muuguzi akiwa bado kwa kiti. Mkipata namba mbaya saa hiyo, mko na masaa ya kuitumia.